Ukurasa Nao Unafundisha

Kitabu cha kiada hupita mikononi mwa mkuza mitaala, mhariri, mchoraji na msanifu kurasa kabla hakijafika darasani. Lakini mwanafunzi hasomi kitabu cha kiada peke yake. Anasoma notisi zilizodurufiwa, karatasi ya zoezi, bango la manila lililobandikwa ukutani, slaidi za mkufunzi, PDF iliyotumwa usiku kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Hivyo vyote hutengenezwa na mwalimu mwenyewe, au na afisa ugani, au na muuguzi anayefundisha akina mama kliniki, na wengi wao hawajawahi kupewa hata kipindi kimoja cha namna ya kupanga ukurasa. Kila ninaposema stadi hiyo ifundishwe vyuo vya ualimu kama tunavyofundisha andalio la somo, nakutana na pingamizi zilezile. Baadhi zina uzito. Nazijibu hapa, na nitakaa zaidi pale panapostahili.

“Muhimu ni maudhui. Mpangilio ni urembo tu.” Anayesema hivi kwa kawaida ni mwalimu mzuri, analijua somo lake, na hataki muda wake uliwe na mapambo. Namwelewa. Lakini tuchukue karatasi moja ya Sayansi ya shule ya msingi, mada ikiwa mfumo wa mmeng’enyo wa chakula. Juu kuna mchoro wa mwili wenye mistari minane, kila mstari una herufi yake, A hadi H. Chini ya ukurasa, au nyuma yake kabisa, kuna orodha: A ni mdomo, B ni umio, C ni ini, na kuendelea. Kisha zinafuata aya tatu za kazi za viungo hivyo, na kila baada ya sentensi mbili msomaji anaambiwa atazame mchoro.

Mfuatilie mtoto wa miaka kumi na mmoja anavyoisoma. Amesoma kwamba kongosho hutoa vimeng’enya. Hajui kiungo hicho kiko wapi. Anashuka kwenye orodha, anakuta ni F. Anapanda kwenye mchoro kuitafuta F, anaikuta imeelekezwa kwenye kitu kilichojificha nyuma ya tumbo. Anarudi kwenye aya, na sasa amesahau sentensi ilikuwa inasema nini. Nguvu zake zimekwisha kwenye kutafuta, na sayansi yenyewe hajaigusa.

Jambo hili limepimwa. John Sweller wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, alianza mwaka 1988 kuandika kuhusu mzigo unaobebwa na akili wakati wa kujifunza: kumbukumbu tunayoitumia kufikiri hushika vitu vichache tu kwa wakati mmoja, na kila kitu kisicho cha lazima hunyang’anya nafasi ya kile cha lazima. Mwaka 1991 yeye na Paul Chandler walichapisha majaribio ambayo baadhi yake yalihusu vijana waliokuwa wakijifunza ufundi umeme. Waliopewa mchoro wa saketi wenye maelezo yaliyoandikwa ndani yake, kila sentensi karibu na waya inaouzungumzia, walielewa vizuri kuliko waliopewa mchoro huku na maelezo kule. Maneno yalikuwa na ujumbe uleule. Kilichobadilika ni mahali yalipokaa.

Basi ile orodha ya A hadi H ifutwe. Neno “kongosho” liandikwe palepale ubavuni mwa kiungo, na chini yake kwa herufi ndogo zaidi, “hutoa vimeng’enya”. Aya tatu zitabaki moja. Hapo hakuna urembo ulioongezwa. Kuna vitu vimetolewa. Herufi A hadi H zina mahali pake, nako ni kwenye mtihani, pale unapotaka kujua kama mtoto anakumbuka. Kwenye notisi za kujifunzia zinamtahini kabla hajafundishwa.

“Sijui kuchora.” Wala huhitaji kujua. Kusanifu ukurasa ni kuamua nini kikae karibu na nini, nini kionekane kwanza, na nini kiondoke. Robin Williams, mwandishi wa Marekani, alitoa mwaka 1994 kitabu kwa ajili ya watu wasio wasanifu, na akayapanga mambo hayo kwa misingi minne: vinavyohusiana vikaribiane, vitu vishike mstari mmoja ukingoni, mitindo ijirudie ileile kutoka ukurasa hadi ukurasa, na vinavyotofautiana vitofautiane waziwazi. Chukua huo wa kwanza. Katika notisi nyingi, kichwa kidogo cha habari kimeachiwa nafasi sawa juu na chini yake, kwa hiyo kinaning’inia katikati na jicho halijui ni cha aya iliyopita au inayofuata. Ongeza nafasi juu, punguza chini, na kichwa kimerudi kwa mwenyewe. Kazi hiyo haihitaji mkono wa mchoraji.

Mazoea mengine mabaya ni kusisitiza kwa kila njia kwa pamoja: herufi kubwa zote, zimekolezwa, zimepigiwa mstari, tena zimewekwa rangi nyekundu. Miles Tinker, aliyetumia miaka mingi kupima usomekaji wa maandishi huko Marekani, alikuta kwamba matini yaliyoandikwa kwa herufi kubwa tupu husomwa taratibu kwa zaidi ya asilimia 10. Maelekezo ya mtihani, ambayo ndiyo yanayopaswa kusomwa haraka na mtu mwenye hofu, ndiyo tunayoyaandika hivyo.

Sasa pingamizi lenye uzito kuliko yote: “Karatasi ni ghali. Hatuwezi kuacha nafasi tupu.” Shule nyingi hulipia kila kopi, na ambapo hakuna mashine, mwalimu hutoa fedha yake mfukoni pale steshenari. Mtu asiyewahi kudurufu mtihani wa wanafunzi mia mbili asiwaambie walimu wapanue pambizo. Kwa hiyo nitajibu kwa hesabu.

Karatasi ya A4 ina urefu wa milimita 297. Ukiacha milimita 20 juu na 20 chini, zinabaki 257. Mazoea yetu ya ofisini ni herufi za pointi 12 na nafasi ya mstari mmoja na nusu, kwa sababu ndivyo tulivyozoeshwa kuandika ripoti na tasnifu. Kwa mpangilio huo kila mstari hula takribani milimita 7.3, na ukurasa mzima unabeba mistari 35. Sasa weka herufi za pointi 11, na umbali wa pointi 14 kutoka mstari hadi mstari. Kila mstari utahitaji karibu milimita 5, na ukurasa utabeba mistari 52. Umepata mistari 17 zaidi bila kugusa pambizo. Kutoka hiyo 17 toa mitano au sita uigawe kuwa nafasi juu ya vichwa vya habari na kati ya maswali, na bado una faida. Kwa watoto wanaoanza kusoma hesabu hii haifai, wao wanahitaji herufi kubwa zaidi, lakini kwa darasa la saba au sekondari inatosha kabisa.

Tatizo linalobaki ni upana. Mstari wa milimita 170 kwa herufi za pointi 11 unaingiza herufi zinazokaribia mia moja, na jicho likifika mwisho linapotea njia ya kurudi. Wapiga chapa wamezoea kubaki kati ya herufi 45 na 75. Gawa ukurasa safu mbili za milimita 80 kila moja, na utapata kama herufi 46 kwa mstari, yaani maneno sita au saba ya Kiswahili. Lakini hapo usinyooshe kingo zote mbili. Maneno yetu ni marefu: “hawakuwasilisha”, “yanayotegemeana”, “wanafunzi”. Kwenye safu nyembamba, programu ikilazimishwa kuunyoosha ukingo wa kulia hutawanya maneno manne kwenye mstari mzima na kuacha mashimo katikati. Ukiiruhusu ikate maneno kwa kanuni za Kiingereza, inaweza kukuletea “wanafun-” mwisho wa mstari na “zi” mwanzo wa unaofuata, ilhali silabi ya Kiswahili hukatika baada ya irabu: wa-na-fu-nzi. Mtoto anayejifunza kusoma kwa silabi amefundishwa jambo moja ubaoni na karatasi inamfundisha jingine. Nyoosha ukingo wa kushoto, uache wa kulia ujiendee. Hakuna gharama.

Na kabla ya kubana maandishi, tazama kile ambacho hakisomwi na kinakula karatasi: nembo ya shule ya sentimita tano, anwani ya posta, kauli mbiu, fremu ya maua, maelekezo yaliyorudiwa kila ukurasa. Katika karatasi nyingi, robo ya juu ya ukurasa wa kwanza inatangaza shule kwa watoto ambao tayari wamekaa ndani yake. Uhaba wa karatasi ndio hasa unaotaka mtu ajue kupanga. Shule yenye karatasi tele inaweza kumudu ukurasa mbaya.

“Watoto wanapenda rangi na picha, tuweke nyingi.” Dai hili linakuja na takwimu. Utaisikia kwenye warsha za walimu, imewekwa kwenye piramidi: mtu hukumbuka asilimia 10 ya anachosoma, 20 ya anachosikia, 30 ya anachoona, na kupanda hivyo hadi 90. Mara nyingi jina la Edgar Dale linatajwa. Dale, mwalimu wa Marekani, alichora kweli koni ya aina za uzoefu katika kitabu chake cha mwaka 1946, lakini koni hiyo haikuwa na asilimia hata moja. Namba zilibandikwa baadaye na watu wengine. Hata mtazamo wa haraka unatosha kuzitilia shaka: kumbukumbu ya binadamu haipandi kwa makumi kamili, ngazi kwa ngazi. Tuache kuzifundisha.

Kinachojulikana kwa majaribio ni kinyume cha wingi. Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ametumia miongo kadhaa kulinganisha masomo yenye picha na maneno, na moja ya matokeo yake yaliyojirudia ni kwamba mambo ya kuvutia yasiyohusiana na kiini cha somo hupunguza uelewa. Yeye na Shannon Harp walilionyesha hilo mwaka 1998 kwa somo la jinsi radi inavyotokea: waliopewa somo lililonogeshwa kwa visa vya kusisimua na picha zake walieleza vibaya zaidi radi inavyotokea kuliko waliopewa somo tupu. Picha inayofafanua hatua ya somo husaidia sana, na Mayer ndiye mtetezi wake mkubwa. Katuni ya simba aliyevaa miwani kwenye kona ya karatasi ya hesabu haifafanui chochote, na mtoto ataitazama hiyo kwanza.

Kuhusu rangi, niseme kuhusu mashine ya kudurufu. Karatasi unayoiona kwenye skrini kwa rangi sita itafika darasani nyeusi na nyeupe. Kwa hesabu ya kawaida ya kompyuta, nyekundu kamili na kijani cha kawaida vikigeuzwa kuwa kijivu hutoka karibu sawasawa, na njano inafutika. Grafu ya mvua na joto, yenye mstari mwekundu na wa kijani, inakuwa mistari miwili isiyotofautiana, na swali la tatu halijibiki. Tumia mstari mzima na mstari wa vitone, andika “mvua” na “joto” juu ya mistari yenyewe, halafu ukitaka rangi ongeza. Hapo utakuwa umemsaidia pia mwanafunzi asiyetofautisha nyekundu na kijani, ambaye yumo katika madarasa mengi na mara nyingi hata yeye hajui.

“Picha haihitaji kusoma. Kila mtu anaielewa.” Laiti ingekuwa hivyo, kazi ya elimu ya afya ingekuwa rahisi. Mwaka 1976 Diana Fussell na Ane Haaland walitoa ripoti ya utafiti uliofanywa na UNICEF vijijini Nepal. Watu wazima wengi wasiojua kusoma hawakutarajia kwamba picha inaweza kubeba wazo au maelekezo. Waliona mtu na mti, wakaishia hapo. Mfuatano wa picha hawakuusoma lazima kutoka kushoto kwenda kulia, kwa sababu mwelekeo huo ni mazoea ya anayesoma maandishi. Mandhari iliyojaa nyuma ya picha iliwachanganya zaidi.

Huku kwetu pwani jambo hili lina sura yake. Mtoto wa Lamu au Unguja anayesoma shule asubuhi kutoka kushoto na Kurani jioni kutoka kulia anajua pande zote mbili. Ukimpa picha nne za kunawa mikono bila namba, usishangae akianzia pasipokuwa pako. Andika 1, 2, 3, 4. Namba nne zinamaliza ubishi.

Hata waliobobea walilazimika kujifunza hili. Marie Neurath alikuwa miongoni mwa waliojenga Isotype, mfumo wa alama za picha ulioanzia Vienna miaka ya 1920 kwa nia ya kueleweka na watu wote. Miaka ya 1950 alipofanya kazi na serikali ya Nigeria Magharibi kuandaa vijitabu vya elimu na afya, hakusafirisha tu alama za Vienna. Zilichorwa upya zifuate nyumba, mavazi na maisha ya watu wa pale. Nasi tunachukua kutoka intaneti nyumba yenye bomba la moshi na theluji tukaiweka kwenye somo la makazi yetu. Dawa ni ndogo: kabla ya kudurufu nakala mia mbili, mpe mtu mmoja asiyehusika, usimweleze kitu, muulize anaona nini. Akikosea, karatasi ndiyo yenye kasoro.

“Siku hizi kuna Canva, na akili bandia inafanya yote.” Hizi ni zana nzuri na mimi sitaki mtu aziache. Canva ina violezo vingi mno, lakini vingi vimebuniwa kwa tangazo, mwaliko au chapisho la mtandaoni: kichwa cha maneno matatu, picha kubwa, sentensi moja. Notisi za Historia hazina umbo hilo. Mwalimu anayejaza kiolezo hulazimika kukata somo lifuate kisanduku, wakati kisanduku ndicho kilichopaswa kufuata somo. Akili bandia inayochora, kwa upande wake, hutoa mara kwa mara michoro mizuri ya kutazama yenye makosa ya ndani: moyo wenye mishipa inayokwenda pasipojulikana, ramani ya Afrika yenye mipaka ambayo haipo, majina ya viungo yaliyoandikwa kwa herufi zisizosomeka. Wa kuyaona makosa hayo ni yule anayelijua somo na anayejua mchoro ulipaswa kuonyesha nini. Stadi ndiyo inayofanya zana iwe na faida.

Tena zipo zana za bure zisizosifiwa vya kutosha. LibreOffice hupanga kurasa vizuri tu kwa mtu anayejua kutumia mitindo ya aya. Inkscape huchora michoro unayoweza kuiandikia upya kwa Kiswahili. Kwa wanaoanza kusoma kuna fonti ya Andika ya shirika la SIL, iliyotengenezwa makusudi kwa ajili yao: I kubwa, l ndogo na namba 1 hazifanani, na a na g zina umbo ambalo mtoto anafundishwa kuliandika kwa mkono. Fonti nyingi za ofisini humwonyesha a moja kitabuni na nyingine ubaoni.

“Wapo wataalamu wa kazi hiyo.” Wapo, na kwa kitabu cha kiada wapewe kazi yao na walipwe. Ila hata huko, mchoraji huchora alichoelekezwa, na maelekezo huandikwa na mwandishi wa somo. Mwandishi akiandika “mchoro wa mbegu inayoota” atapata mbegu nzuri. Akiandika kwamba mchoro uonyeshe mzizi umetoka kabla ya chipukizi, mbegu ikiwa imekatwa katikati, majina yakiwa ubavuni na udongo ukiwa mstari mmoja tu, atapata somo. Na kwa karatasi ya zoezi la Jumatano hakuna mtaalamu atakayekuja.

Mwisho kuna wanaosema: “Shule yetu haina kompyuta wala umeme, mambo haya si yetu.” Kwangu mimi hao ndio wa kwanza kuhitaji, kwa sababu wana manila, kalamu rashasha na ukuta, na bango la ukutani halisomwi kwa karibu. Katika kipimo cha kawaida cha macho, jicho zima hutambua kwa shida herufi ya milimita 9 hivi ikiwa mita 6 mbali. Huo ni ukomo wa jicho, na kusoma kwa raha kunataka kama mara tatu ya hapo, yaani milimita 26 au 27. Darasani, dawati la nyuma likiwa mita 9 kutoka ukutani, herufi inatakiwa ifikie sentimita 4. Herufi ya ukubwa huo, ikiachiwa nafasi ya kupumua, hairuhusu karatasi moja ya manila kubeba zaidi ya mistari saba au minane. Kwa hiyo mwalimu hawezi kunakili ukurasa mzima wa kitabu ukutani, kama mabango mengi yanavyofanya kwa herufi ambazo hata dawati la mbele linakodolea macho. Inabidi akae na somo lake, achague maneno kama thelathini ambayo mtoto wa dawati la nyuma akiyaona kila siku kwa muhula mzima yatamfaa, na ayapange ili lile kuu lionekane kwanza. Aandike kwanza kwa penseli, abandike, aende akasimame nyuma ya darasa asome, na ndipo achukue kalamu rashasha.